Nafasi ya Darasa la Kwanza ni Haki, Si Hisani

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Oktoba, shule za msingi za Serikali jijini Dar es Salaam hubandika matangazo ya kuandikisha watoto wa elimu ya awali na wa darasa la kwanza kwa ajili ya mwaka unaofuata. Kazi hiyo huendelea hadi Desemba, na masomo huanza Januari. Katika miezi hiyo wazazi wa jiji hili hujigawa katika makundi mawili. Kundi la kwanza huchagua. Hutembelea shule kadhaa, hulinganisha ada, huulizia matokeo ya mtihani wa darasa la saba, hukagua mabasi na viwanja vya michezo, kisha hutoa uamuzi. Kundi la pili halichagui, bali huomba. Huomba barua ya mtaa, huomba kuonwa na mwalimu mkuu, huomba kuongezewa siku, na mara nyingine huomba radhi kwa jambo lisilo kosa la mtoto, kama vile kukosa cheti cha kuzaliwa.

Tumeona ni vema toleo hili lilizungumzie jambo hilo kabla msimu wa kuandikisha haujatukuta tena tumelala. Swali letu ni moja tu: mtoto wa miaka sita anapoingia darasani, anaingia kwa haki yake mwenyewe au kwa hisani ya mtu fulani?

TULIKOTOKA

Wazee wetu wanakumbuka kwamba wakati wa ukoloni shule za nchi hii zilitenganishwa kwa rangi. Wazungu walikuwa na zao, Waasia na zao, na Waafrika na zao, kila moja ikipata fungu lake lisilolingana na la mwenzake. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1962, mara baada ya Uhuru. Mwaka 1969 sheria mpya ya elimu iliziweka shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya Serikali, na mojawapo ya sababu zilizotolewa ni kwamba mtoto asinyimwe nafasi kwa ajili ya dini ya wazazi wake. Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilitaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote. Likaanza kutekelezwa kwa nguvu mwaka 1977, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamfunga mzazi kumwandikisha mtoto wake na kuhakikisha anahudhuria.

Tunajua yaliyofuata. Uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1980, michango na ada zilirudi, na watoto wengi wa maskini wakabaki nyumbani. Ada ya shule za msingi ilifutwa tena mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ukaanza mwaka 2002. Waandikishwa katika nchi nzima waliongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005. Hata hivyo, michango ya kila namna iliendelea kuchipuka hadi Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipofuta ada na michango ya lazima kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Leo Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, inasema kwamba elimu ya lazima ni ya miaka kumi na kwamba mtoto aanze darasa la kwanza akiwa na miaka sita.

Historia hii ina fundisho. Kila mara mlango wa shule ulipofunguliwa, watoto walijitokeza kwa maelfu, jambo linaloonyesha kwamba wazazi maskini hawakuwa wakiidharau elimu. Walikuwa wamezuiwa kuifikia. Vilevile, kila mara mlango ulipofunguliwa, madarasa, madawati na walimu vilichelewa kuwafuata watoto. Hapo ndipo tulipo hadi leo.

JIJI LIMEKUA KULIKO MADARASA

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Kwa miaka kumi umeongezeka umati wa zaidi ya watu milioni moja, na wengi wao ni familia changa zenye watoto wadogo. Familia hizo zimejenga au kupanga pembezoni: Chanika, Mbagala, Goba, Bunju, Kigamboni. Huko viwanja vimekatwa na kuuzwa hadi mlango wa jirani, na mara nyingi eneo la shule halikukumbukwa na yeyote.

Kiwango kinachotambuliwa na Serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja cha darasa, tundu moja la choo kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Kiongozi wa walei anayetaka kujua hali ya shule ya mtaani kwake hahitaji utaalamu wowote. Aende ahesabu vichwa vya watoto katika darasa la kwanza, ahesabu matundu ya choo, aulize kama watoto wanaingia kwa zamu, asubuhi na mchana. Atapata jibu lake kabla ya saa sita.

Hatusemi kwamba hakuna kilichofanyika. Madarasa mapya yamejengwa, na shule mpya zimefunguliwa, zikiwemo zilizojengwa kwa fedha za mradi wa BOOST. Walimu wengi wa jiji hili hufanya kazi ya watu wawili kwa mshahara wa mmoja, na tunawaheshimu. Lakini uhaba ukizidi, nafasi hugeuka kuwa bidhaa, na bidhaa adimu haikosi mlanguzi.

MZAZI ANAPOCHAGUA

Wapo kati yetu wenye uwezo wa kuchagua. Kabla ya miaka ya 1990, Mtanzania aliyetaka mtoto wake wa shule ya msingi afundishwe kwa Kiingereza, na mwenye fedha za kutosha, alimpeleka Kenya au Uganda. Katika miaka ya 1990 milango ilifunguliwa hapa nchini, na shule za binafsi zikaenea jijini. Hatumlaumu mzazi anayemtafutia mwanawe lililo jema. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Na hofu ya mzazi kuhusu lugha si ya kipuuzi: shule ya msingi ya Serikali kwa kawaida hufundisha kwa Kiswahili, ilhali sekondari hufundisha kwa Kiingereza, na wanaoanguka katika daraja hilo ni wengi.

Pamoja na hayo, tunawasihi wazazi wenye kuchagua wapime mambo kwa makini. Kwanza, waulize kama shule imesajiliwa na Wizara na waonyeshwe namba ya usajili. Ubao uliopakwa rangi nzuri barabarani si usajili. Pili, wapime umbali. Mtoto anayeamshwa saa kumi alfajiri ili awahi basi, akarudi magharibi akiwa amelala kitini, analipiwa ada ili achoke. Tatu, wajumlishe gharama zote: ada, basi, chakula, sare, vitabu, masomo ya ziada. Familia inayokopa kila muhula ili kulipa ada ya darasa la kwanza itakuwa imeishiwa mtoto anapofika darasa la nne, na kumhamisha mtoto kila mwaka ni kumvunja moyo. Nne, wasikimbilie bweni. Mwaka 2023 Serikali ilizuia bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, na sababu zake ni nzito: mtoto wa umri huo anahitaji mlezi wa karibu anayemjua, anayegundua akinyamaza isivyo kawaida.

Lipo pia jambo la tano, ambalo ni zito kuliko yote hayo. Mtu mwenye sauti anapoiondoa familia yake katika shule ya Serikali, mara nyingi anaondoka na sauti yake. Mhasibu, mwalimu, mfanyabiashara na afisa wa ofisini ndio ambao wangesimama katika mkutano wa wazazi na kuuliza fedha zimekwenda wapi, kwa nini choo kimeziba, kwa nini darasa la kwanza halina mwalimu tangu Machi. Watoto wao wasipokuwapo, mkutano hubaki na mama lishe aliyeacha moto jikoni na dereva wa bodaboda anayehesabu muda anaopoteza. Hao wanayo akili na uchungu wa mtoto, ila hawana nafasi ya kufuatilia barua ofisi kwa ofisi. Matokeo yake ni kwamba tumefuta shule za rangi, na badala yake tunajenga shule za mfuko. Mzazi anayo haki ya kumpeleka mtoto wake anakotaka. Hana haki ya kuitupa shule ya jirani zake.

WANAOBAKI NJE YA UZIO

Tunaomba sasa tuwatazame wale ambao wasomaji wetu wanawaona kila siku.

Yupo mtoto wa mpangaji, aliyehama vyumba vitatu kwa mwaka mmoja, ambaye mjumbe wa mtaa hamfahamu, na kwa hiyo barua yake inachelewa. Yupo mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, aliyezaliwa kijijini mikononi mwa bibi. Kukosa cheti ni upungufu unaorekebishika kwa wakala wa usajili, RITA, ambako cheti cha ubatizo na kadi ya kliniki hutumika kama ushahidi. Si sababu ya mtoto kurudishwa getini. Yupo mtoto mwenye ulemavu, ambaye wazazi humficha kwa aibu au kwa kudhani hakuna shule itakayompokea. Jiji hili lina Uhuru Mchanganyiko, lina Shule ya Viziwi ya Buguruni, na zipo shule nyingine za kawaida zenye vitengo vya elimu maalumu. Afisa elimu wa kata anapaswa kumwelekeza mzazi, na jumuiya ikimsindikiza mzazi huyo hatarudi nyumbani bila jibu.

Na yupo mtoto mwingine, ambaye kumtaja kutawachoma baadhi ya wasomaji wetu. Ni binti aliyeletwa kutoka mkoani kwa ahadi kwamba atasomeshwa mjini. Amefika, amepewa mtoto wa kulea na vyombo vya kuosha, na ahadi imesogezwa mwaka hadi mwaka. Asubuhi humvalisha sare mtoto wa mwenye nyumba, humsindikiza hadi kwenye basi, kisha hurudi kufagia uwanja. Jumapili huonekana kanisani amembeba mdogo wa nyumba hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda, na Sheria ya Elimu inamdai aliyemchukua amwandikishe. Lakini hata kama pasingekuwa na sheria yoyote, familia haiwezi kusali rozari jioni mbele ya mtoto ambaye imemnyima shule asubuhi.

SODA, KALAMU NA MICHANGO

Rushwa ya nafasi za shule haijiiti rushwa. Huitwa soda, huitwa kalamu, huitwa ahsante, huitwa mchango wa dawati. Huanzia kwa anayedai chochote ili agonge mhuri wa barua ya mtaa, hupita kwa dalali anayejidai kumfahamu mwalimu mkuu, na huishia kwa mzazi mwenyewe anayejisifu kwamba amepenyeza mtoto. Huyo wa mwisho ndiye tunayependa kusema naye. Nafasi aliyoinunua haikutoka mbinguni. Ilikuwa ya mtoto mwingine, wa karibu na shule hiyo, ambaye sasa anavuka Barabara ya Kilwa au ya Morogoro kwa miguu, au anasukumwa mlangoni mwa daladala kwa kuwa nauli yake ni ndogo.

Kuhusu michango ni lazima tuseme kwa haki. Elimu bila ada haina maana kwamba mzazi hana wajibu. Sare, madaftari, chakula na matibabu ya mtoto ni juu ya mzazi. Na fedha za Serikali si nyingi: utaratibu ulipoanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sehemu yake ikiwa ya vitabu. Shule yenye uzio uliobomoka haiwezi kuujenga kwa fungu hilo. Kwa hiyo wazazi wakikaa pamoja, wakakubaliana kwa hiari, wakapata kibali cha mamlaka, na hesabu ikasomwa hadharani, huo ni ujirani mwema. Lakini mtoto anapozuiwa kuandikishwa, au anaposimamishwa mbele ya wenzake na kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajalipa mchango, huo ni uonevu, na waraka wa Serikali wenyewe unaukataza.

SHULE ZENYE JINA LA KANISA

Haitakuwa haki kuisemesha Serikali tu. Shule za msingi zinazoendeshwa na Kanisa jijini zinasifiwa kwa malezi na nidhamu, na wazazi wa dini zote huzikimbilia. Ni wajibu wetu kuuliza maswali yale yale ndani ya uzio wake. Ada yake inamruhusu nani aingie? Fedha ya fomu inarudishwa kwa aliyekosa nafasi? Mtoto wa miaka sita anafanyiwa usaili ili ajulikane mahitaji yake, au ili wapite tu waliokwisha kufundishwa kusoma nyumbani? Je, kila parokia ina fungu dogo la kumlipia hata mtoto mmoja wa maskini katika kila darasa? Aidha, tunawakumbusha waamini kwamba cheti cha ubatizo ni kumbukumbu ya sakramenti na ushahidi wa kuzaliwa. Si tikiti ya kuingilia shule, na mapadre wasilazimishwe kuandika barua za kumpendelea mmoja dhidi ya mwingine.

TUFANYE NINI

Kulalamika peke yake hakumwandikishi mtoto. Tunapendekeza mambo yafuatayo kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, vyama vya kitume na halmashauri za walei.

1. Mwezi wa Septemba kila jumuiya ifanye orodha ya watoto wote watakaofikisha umri wa elimu ya awali na wa darasa la kwanza katika eneo lake, bila kujali dini, wakiwemo wanaoishi kwa wenyeji na wasaidizi wa nyumbani. Katika mkutano wa kwanza wa Januari orodha hiyo isomwe tena, jina kwa jina: nani ameingia, nani bado, na kwa nini.

2. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa aanze kushughulikiwa mapema. Ofisi ya parokia itoe nakala ya cheti cha ubatizo bila urasimu kwa mzazi anayekwenda kusajili.

3. Mzazi asiyejua kusoma au mwenye hofu ya ofisi asiende peke yake. Watu wawili wamsindikize. Wanaoomba soda huona haya mbele ya mashahidi.

4. Akikataliwa, aombe sababu ya kukataliwa, kisha aende kwa afisa elimu wa kata, na ikibidi kwa afisa elimu msingi wa halmashauri. Akidaiwa rushwa, ofisi za TAKUKURU zipo. Malalamiko yawe na tarehe na maelezo yaliyo wazi. Uvumi usiharibu jina la mwalimu asiye na hatia.

5. Walei wenye elimu na nafasi, hata kama watoto wao wanasoma kwingine, wajitoe kuisaidia kamati ya shule ya Serikali iliyo karibu nao: kuisomea waraka, kuiandikia barua, kuipigia hesabu. Wazazi wenye watoto pale wagombee ujumbe wa kamati hiyo bila kusukumwa.

6. Katika mikutano ya mtaa tuulize eneo la shule liko wapi kabla kiwanja cha mwisho hakijauzwa. Baada ya hapo tutakuwa tunaulizia kilichokwisha kuliwa.

Haya si mambo makubwa. Hayahitaji mfadhili wala semina ya siku tatu. Yanahitaji daftari, kalamu, na watu wachache walio tayari kupoteza asubuhi moja kwa ajili ya mtoto asiye wao.

Wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mtoto aliyekosa darasa la kwanza mwaka huu hatabaki akitusubiri mahali tulipomwacha. Atakuwa amekwisha kuzoea kuuza maji ya kufunga kwenye foleni ya magari, au kulea mtoto wa mwingine, na mwakani atakuwa anaona aibu kukaa na wadogo zake. Kwa hiyo, ndugu msomaji, matangazo yatakapobandikwa Oktoba, usiishie kuuliza mtoto wako amepata wapi. Uliza pia katika nyumba ya jirani, na katika nyumba yako mwenyewe, ni mtoto gani ambaye jina lake halijaandikwa popote. Huyo ndiye mwenye haki ya kwanza juu ya muda wetu.